Sahani ya Aliyefunga

Siku mliyoniaga mlinipa vitenge, godoro na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyeishi kwa kengele miaka yote hiyo ana hamu tena ya kujua saa. Nawashukuru. Ila wewe Neema, uliyepokea funguo zangu za bweni, uliniomba kitu kingine. Uliniomba nikuandikie namna ya kumtambua msichana mwenye shida kabla shida haijamzidi nguvu, ili wewe na matroni wenzako wapya msianze gizani. Nimejaribu. Habari za vyeo hamtazikuta, maana matroni wa bweni hupanda siku anapopanda kiti kubadilisha balbu, basi. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaandika nilivyoanza, nilivyofundishwa, na mahali ambapo yote niliyofundishwa yaliniishia mkononi. Ushindi msiutafute humu.

Mimi ni mtu wa Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi. Nilipoletwa kwenye ile shule ya wasichana Korogwe sikuwa nimewahi kuona wasichana wengi namna ile mahali pamoja, labda ngomani. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la Idi. Nilisimama mlango wa bwalo nikiwatazama wakipanga foleni ya chakula, nikajiona nafanya kazi. Mama Skola, matroni niliyekuja kumsaidia, aliniacha nisimame hivyo mpaka foleni ikaisha, kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye mabomba wanakooshea sahani.

"Simama hapa," akasema. "Kule dirishani kwa mpishi kila mtu ana njaa. Hapa ndipo utakapowajua."

Mama Skola alizaliwa kwenye kambi ya mkonge. Baba yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali sana na hakurudi kwao. Mama huyo alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, lakini mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyewaamsha wasichana wa Kiislamu kula daku, na ole wake mpishi aliyechelewesha uji. Alinifundisha kusoma sahani. Aliyekula maharage akaacha ugali, sanduku lake lina biskuti. Aliyekula ugali akaacha maharage, tumbo linamsumbua. Aliyekula nusu akasahau mkono hewani, amepata habari mbaya kutoka nyumbani, mwite umuulize. Na aliyeacha uji wa asubuhi huku anatafuta ndimu, huyo usimuulize wewe, mpeleke kwa nesi. Alikuwa akisema, "Uso unajifunza kudanganya, mwanangu. Sahani haijui." Nimefanya kazi kwa maneno hayo mpaka nastaafu, na kwa muda mrefu hayakuniangusha.

Chombo changu kingine kilikuwa mizani. Ilikuwa mizani ya kusimama, rangi ya kijani iliyobanduka, yenye mshale uliopenda kusogea kabla hujapanda. Kila muhula ulipofunguliwa tuliwapima, na kabla ya kufunga tukawapima tena, kwa sababu wazazi wa huku walikuwa na njia moja ya kuikagua shule. Mtoto akirudi nyumbani amekonda, shule ni mbaya. Akirudi ameng'aa mashavu, mwalimu mkuu anaongoza vizuri. Matokeo ya mtihani yalikuja baadaye sana katika mazungumzo.

Ndiyo maana wasichana wa zamani walitudanganya kwa kujiongezea. Walikunywa maji mpaka matumbo yakalia. Walitia kokoto za uwanjani kwenye mifuko ya sketi, wengine kwenye soksi, wakapanda mizani wakitembea kama bata. Mama Skola alikuwa akiwashika mabega na kuwatikisa kidogo, kokoto zikilia anacheka na kuandika kilo alizozikuta hivyohivyo. "Mwache mama yake afurahi," alikuwa akiniambia. Kwetu Uziguani mwali akiwekwa ndani alilishwa, na siku ya kutoka wanawake walimshangilia kwa jinsi alivyonawiri. Mtu ukimwambia "umenenepa" umempongeza. Hatukuwahi kuota kwamba siku moja neno hilo litamfanya msichana alie.

Mama Skola alistaafu, akafariki, nikabaki na funguo. Halafu zikaja simu.

Simu haziruhusiwi shuleni, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia kwamba zipo. Nimezitoa ndani ya mkate uliokatwa katikati ukagundishwa kwa jemu. Nimezitoa kwenye mfuko wa unga wa lishe, kwenye boksi la pedi, na mara moja ndani ya kipande cha sabuni ya kufulia kilichochongwa kwa ufundi ambao yule binti hakuuonyesha kamwe kwenye somo la sanaa. Mwanzoni nilipokamata simu nilitazamia kukuta wavulana. Wavulana walikuwepo, lakini wachache. Kilichojaa kilikuwa matumbo. Picha za matumbo ya wanawake nisiowajua, viuno, mapaja, mtu mmoja amepigwa picha mara mbili, huku mnene amenuna, huku mwembamba anacheka. Mwanamke mmoja alikuwa anaonyesha anavyokula yai moja na tango kutwa nzima, na anavyojifunga mkanda wa tumbo kama mtu aliyetoka kujifungua. Sikuelewa. Nilidhani ni mgonjwa anaomba mchango.

Taratibu nikaanza kuelewa kutokana na mizani. Wasichana sasa walivua viatu kabla ya kupanda. Wakavua sweta, wakavua saa, mmoja akaniomba akasuke nywele upya kwanza kwa sababu rasta zina uzito. Walipoona mshale walikuwa wakifumba macho. Wengine walitaka wembamba, wengine walitaka kiuno chembamba na makalio makubwa kwa wakati mmoja, wakanunua vidonge kwa watu wa mtandaoni, vikaletwa na bodaboda mpaka kwenye uzio. Hao wa vidonge niliwajua upesi kwa sababu nyuso zilivimba. Nilipeleka vidonge kwa mkuu wa shule, wazazi wakaitwa, tukasema sana. Mama mmoja alitoka kwenye kikao akaniuliza pembeni kama vile vidonge vinafanya kazi kweli.

Sasa nifike kwa Sauda, maana bila Sauda nisingekuwa na la kuandika.

Alikuja kidato cha kwanza kutoka Mkata. Mama yake alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi, na alimlea Sauda akisaidiwa na bibi yake, aliyekaa shamba upande wa Handeni. Alikuwa mnene wa kawaida, mnene wa mtoto aliyependwa na bibi. Nyumbani walimwita Kibonge, naye aliitika. Bwenini nako wakamwita hivyohivyo, akaitika. Alikuwa na kicheko cha kwanza kusikika asubuhi, na sahani yake ilikuja bombani safi kiasi kwamba nilimtania ananiondolea kazi.

Alipokuwa kidato cha tatu kulikuwa na siku ya michezo. Wasichana wenye simu ya kificho walipiga picha, wakaziweka kwenye ukurasa wao mtandaoni. Sauda alikuwemo, anakimbia na gunia, mdomo wazi, amefurahi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Korogwe wakaandika chini ya ile picha waliyoyaandika. Mimi sikujua lolote. Nilichoona ni kwamba kicheko cha asubuhi kilipungua, na nikadhani anakua.

Ramadhani ikaja, akafunga kama wenzake. Ramadhani ikaisha, akafunga sita ya Shawali, zile siku sita za hiari za mwezi unaofuata, jambo la kusifiwa. Sita ikaisha, akaanza sunna za Jumatatu na Alhamisi. Halafu akasema analipa siku alizokula zamani. Halafu ikawa kila siku ukimwuliza anajibu kwa upole, "Nimefunga, matroni." Mwalimu wa dini alimsifu mbele ya wenzake. Chakula chake cha jioni mpishi alikifunika kwenye bakuli, Sauda akaenda nacho bwenini kufuturu, na huko akawagawia wenzake. Alifunga kwa sunna na kugawa futari kwa sadaka. Ungemkamatia wapi?

Mimi nilisimama bombani kama nilivyofundishwa, nikitazama sahani zikipita, na yake haikuwemo. Hapo ndipo elimu yangu yote ilipofika ukingoni. Mama Skola alinifundisha kusoma sahani iliyobaki na sahani iliyoisha. Hakunifundisha sahani ya aliyefunga, kwa sababu aliyefunga hana sahani, na katika nchi hii ya kwetu hakuna mtu anayethubutu kumwambia mwenye swaumu ale.

Dalili ya kwanza niliyoipata ilikuwa sweta. Mnalijua jua la Korogwe. Saa saba mchana hata kuku wanalala, na Sauda alikuwa amevaa sweta la shule, amefunga vifungo vyote, amejikunja kwenye kivuli anatafuta pasipo na upepo. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Dalili ya pili ilikuwa kwenye chumba cha kuswalia. Wasichana walio kwenye siku zao hawaswali, huwa wanakaa barazani wakisubiri wenzao, na matroni asiye mvivu hujua bila kuuliza nani yuko wapi katika mwezi. Nikakumbuka kwamba Sauda sijamwona kwenye ile baraza kwa muda mrefu sana. Wenzake waliona ni ucha Mungu usiokatika. Mimi nilishikwa na hofu. Nilimwita stoo, nikafunga mlango.

"Sauda, siku zako unaziona?"

Akainama. "Sizioni, matroni."

"Tangu lini?"

"Zimepita nyingi."

"Umelala na mtu?"

"Wallahi sijalala na mtu."

"Basi kufunga huku ni kwa ajili ya nani?"

Akaanza kulia bila sauti. "Mwanzoni nilinuia kweli. Ile sita nilinuia. Ilipoisha nikaona sketi inapwaya, nikasema niongeze kidogo tu."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Mpaka nipendeze."

Nikamwambia amependeza tangu siku aliyozaliwa, maneno ambayo kila mtu mzima anayo na hayamsaidii mtu. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Matroni, mimi nilikuwa najijua ni mnene. Kwetu si wananiita hivyo? Lakini nilikuwa sijioni. Kwenye ile picha ndipo nilijiona." Ndipo aliponieleza habari ya siku ya michezo na waliyoandika. Aliyakumbuka yote kwa mpangilio, neno kwa neno, mwanafunzi ambaye historia ilikuwa haimkai kichwani.

Tulimwita mama yake. Alikuja na basi la asubuhi, amebeba hotipoti yenye ugali wa muhogo tunaouita bada, kisamvu na kuku wa kukaanga. Nilimweleza kwa adabu, nikianzia mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia:

"Matroni, watoto wa wenzangu wanarudi na mimba. Wangu anarudi na swaumu. Mimi mwenyewe sunna nimefundishwa naye. Wanawake wa pale kituoni sasa wananiita mama wa ustadhati, mimi niliyekuwa naitwa mama mahindi. Leo unaniambia nimkataze?"

Nilimwambia ninachomwambia ni kwamba mtoto hali chakula. Akamgeukia Sauda na kufungua hotipoti. Sauda akala tonge moja, akalitafuna muda mrefu, mama akaniangalia kwa maana ya kwamba, si huyo anakula? Nilimleta mwalimu wa dini, naye Mungu amlipe, alisema wazi kwamba swaumu ya kujidhuru hakuna aliyeiamrisha, na akamwambia Sauda aache. Sauda aliitikia. Akaanza kuja bwalo na kukaa na sahani mbele yake, akihesabu punje za makande kwa kijiko, machozi yakidondoka humo humo.

Hospitali walimpima malaria, kifua na mengineyo yote, hakukutwa na kitu. Mama yake akashukuru kwa sauti kwamba mtoto ni mzima. Daktari, kijana mpole, akamwomba akae kwanza.

"Mama, huyu anaogopa chakula."

"Anaogopa chakula?" mama akauliza. "Daktari, kwetu sisi watu wanaogopa njaa."

Kijana hakucheka. Alisema ugonjwa huu aliusoma chuoni na hakutegemea kuukuta Korogwe. Akaagiza Sauda aletwe kila wiki kupimwa uzito, na uzito ukishuka zaidi alazwe. Akasisitiza jambo moja mara mbili, akimtazama mama na kunitazama mimi. Mwili uliokaa na njaa hivi usishtukizwe. Alishwe kidogo kidogo, na anayejua amwangalie, kwa sababu chakula kingi kwa mara moja kinaweza kuupiga moyo wake. Mama akaitikia. Mimi niliona wazi kwamba hakuamini kuna mahali duniani ambapo chakula kimemdhuru mwenye njaa. Na mimi kusema kweli nilimwamini daktari kwa sababu tu alikuwa daktari.

Kila wiki nilimpeleka kwa bajaji. Wiki baada ya wiki mshale ulipanda. Daktari alifurahi, mama kwa simu alipiga vigelegele, nami nikaanza kulala. Nilikuwa namwona mashavu yamebonyea vilevile, lakini mizani inasema, na mizani ya hospitali haikuwa ile yangu ya kijani. Halafu asubuhi moja tukishuka kwenye bajaji mlangoni pa hospitali, khanga aliyojifunga kiunoni chini ya sketi ikalegea. Kokoto zikaanza kudondoka kwenye saruji, moja, mbili, kisha zote. Zilikuwa kokoto za uwanja wetu wa paredi, nazijua. Watu wa foleni waligeuka kuangalia. Sauda alichuchumaa akaanza kuziokota.

Nilichuchumaa naye. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na uchungu, sikujua nianze na kipi. Nilimkumbuka Mama Skola akiwatikisa wasichana mabega huku anacheka, na wale walijitia mawe ili mama zao wasihuzunike. Nikamwuliza Sauda kwa nini.

"Nisilazwe," akasema. "Wakinilaza watanilisha."

Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alianza naye kwa vijiko, na kwa siku chache niliona jicho lake limepata uhai. Wasichana wenzake walikwenda kumwona Jumapili. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ya mwisho kabla ya kulazwa waliwahi kumpiga picha aliyoiomba mwenyewe, amesimama upande, mbele ya ule ukuta wa bweni uliochorwa ramani ya Tanzania, na wakaiweka kwenye ukurasa wao. Safari hii watu walimsifu. Waliandika mioyo. Aliisoma ile sifa akiwa kitandani wodini, kwa simu ya mgonjwa wa jirani.

Mkata nako maneno yalikuwa yameanza. Binti amekonda, amelazwa, hakutajwa ugonjwa, basi watu wakautaja wao. Mama yake, ambaye juzi tu alikuwa mama wa ustadhati, sasa wanawake walikuwa wakimwangalia na kunyamaza anapopita. Shule ilipofungwa alikuja kumtoa hospitali. Daktari alikataa, akaeleza upya, mama akatia sahihi yake akaondoka naye. Nilimfuata mpaka kituo cha mabasi.

"Usimpeleke mbali na hospitali," nilimsihi.

"Nampeleka kwa bibi yake," akasema. "Hapa mnamhesabia vijiko. Bibi yake atamweka ndani amlishe, kama mwali. Sisi sote tumenenepeshwa hivyo, na hakuna aliyekufa."

Sauda alikuwa amekaa dirishani. Aliniambia, "Matroni, nitakula. Kwa bibi nitakula." Na alikuwa anasema kweli.

Habari zilinifikia kwa simu, nikaenda kuhani. Bibi yake alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akanikalisha mkekani karibu naye, akanisimulia bila kuulizwa. Alipompokea, shanga alizomfunga kiunoni mwenyewe zilikuwa zinateremka mpaka miguuni. Akazitunga upya. Akamtia ndani, akampikia uji wa maziwa na karanga, akamchinjia jogoo, akampikia bada na mlenda, kisha uji tena. Mtoto hakukataa. Alikuwa akisema, "Niongeze, bibi."

"Alikula, matroni," bibi akaniambia. "Kila nilichompa alikula. Nilifurahi mno. Miguu ikaanza kuvimba, nikajua ananenepa. Asubuhi moja akasema moyo unamwenda mbio, akaniegemea hapa." Akanionyesha bega.

Sikumwambia alichosema daktari. Mama Sauda alikuwa amekaa upande wa pili wa mkeka, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua kwamba anakikumbuka, na kwamba ananiomba ninyamaze. Nikanyamaza. Wanawake waliokuja kuhani walimsifu marehemu kwa swaumu zake.

Mkinitaka niseme kilichobadilika shuleni baada ya hapo, sina cha kuwapa. Tulifanya kikao, mwalimu wa dini alitoa mawaidha mazuri, daktari alikuja akaongea na wasichana wote bwaloni. Wakasikiliza. Jioni nikapita nyuma ya dirisha nikasikia wakisimuliana kwamba Sauda angekuwa hai kama wasingemlazimisha kula. Wiki hiyo sahani nyingi zilikuja bombani zimejaa. Simu waliyompigia Sauda picha niliwanyang'anya, ikafungiwa ofisini, nikajiona nimekata mti. Sikujua kwamba picha haikai ndani ya simu.

Sasa Neema, hili ndilo sijakuambia. Wiki yangu ya mwisho, wakati ninyi mnanichangia saa ya ukutani, nilikamata simu moja kwenye godoro la binti wa kidato cha kwanza kutoka Makuyuni. Mtoto mwenyewe mdogo, bado ana wekundu wa vumbi la kwao kwenye viatu. Ilikuwa inawaka. Nikaona picha zilezile za matumbo na viuno, nikataka kuizima, macho yangu yakakutana na ramani ya Tanzania. Ukuta niliutambua kwanza. Kisha nikamtambua yeye, amesimama upande, sweta limefungwa vifungo vyote, anajitahidi kucheka. Juu ya picha mtu alikuwa ameandika neno moja, "Malengo."

"Huyu unamjua?" nikamwuliza.

"Simjui, matroni. Nimemkuta tu mtandaoni. Amepita kwenye kurasa nyingi." Akatazama chini. "Nataka kuwa kama yeye."

Nikamkalisha kitandani. Nikamwambia kwamba ukuta ule ni huu hapa nje, na kwamba huyu dada aliitwa Sauda, alilala bweni hili hili, alikuwa na kicheko, na kwamba amekufa. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na kokoto, na bibi. Alinisikiliza ametoa macho. Machozi yalimlenga, nikaona pengine huyu nimemuwahi. Aliichukua simu mkononi mwangu kwa adabu, akaitazama ile picha tena kwa muda, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Alikuwa na kilo ngapi?"

Nilichukua simu nikaipeleka ofisini, na kesho yake nikakukabidhi funguo.